Tuachieni Kidogo: Barua ya Wazi kwa Vinyozi wa Dar es Salaam

Ndugu zangu vinyozi,

Nawaandikia nyinyi wa Sinza na Mwananyamala, wa Temeke, Mbagala, Tegeta na Gongo la Mboto. Nyinyi mliokodi fremu zenye vioo pande zote, kiyoyozi na televisheni ya mpira, na nyinyi wa chini ya mwembe wenye kiti kimoja na ubao wa vichwa vilivyochorwa kwa rangi ya mafuta. Shida yangu ni huduma moja tu kati ya zote mnazotoa, nayo ni kunyoa kipara. Mambo ya panki, fedi na michoro ya pembeni nawaachia vijana wayadai wenyewe.

Malalamiko yangu ni mafupi: mnatunyoa mno. Kipara mnachokisifia, kile ambacho kiganja kikipita hakikwami popote, ndicho kinachotutia vipele. Na wanaowasukuma mfike huko ni sisi wateja, hilo silifichi, maana hakuna kinyozi anayeamka asubuhi na nia ya kumchubua mtu kichwa. Mteja anajipapasa, anakunja uso, anasema, "Bado hapa." Kinyozi anauliza, "Nirudie, bosi?" Bosi anaitikia. Wembe unarudi, safari hii kutoka shingoni kwenda juu, ngozi ya kisogo imevutwa kwa kidole gumba mpaka ikang'aa. Mtu anatoka pale anajitazama kwenye kila kioo cha gari lililoegeshwa njiani.

Kinachofuata nyinyi hamkioni, na nadhani hapo ndipo lilipo tatizo lenyewe. Siku ile ya kunyolewa huja moto, muwasho na ngozi kukaza. Huo ni mchubuko wa wembe, na mara nyingi hupoa ndani ya siku mbili hivi. Kipele chenyewe huja baadaye, siku ya pili au ya tatu, mteja akiwa kazini au amesimama kwenye daladala anajikuna kisogo mbele ya watu. Akirudi kwenu baada ya wiki mbili nywele zimeshaota, usaha umekauka, limebaki doa tu. Nyinyi mnaona kichwa kinachotaka kunyolewa, mnanyoa. Fundi cherehani akibana kwapa, shati linarudishwa kesho yake na anayasikia ya kuyasikia. Kichwa hakirudishwi. Kwa hiyo mtu anaweza kunyoa miaka kumi, akasifiwa miaka kumi, na asijue mkono wake unafanya nini.

Tuanzie kwenye unywele. Nywele zetu za kipilipili hazijikunji baada ya kutoka nje. Zimepinda tangu chini, kwa sababu kitundu kinachoziotesha ndicho kilichopinda. Mashine ikizikata, kinabaki kisiki kifupi juu ya ngozi, na kisiki hicho kina nafasi ya kuendelea kukua kwenda nje. Wembe unakata sawasawa na ngozi, tena kwa mshazari, unaacha ncha kali. Ncha hiyo ikikua haisimami wima. Inafuata mpindo wake, inarudi chini, inatoboa ngozi milimita moja au mbili kutoka pale ilipochomozea. Hiyo ni njia ya kwanza. Ya pili ni mbaya zaidi, na ni kazi ya kile kidole gumba: ngozi ikivutwa ikakaza na wembe ukapita kinyume cha nywele, unywele unainuliwa kidogo kabla ya kukatwa, na ngozi ikiachiwa ile ncha inazama chini ya uso wa ngozi. Haina haja ya kutoka nje kwanza. Inapokua inachoma ukuta wa kitundu chake humo humo ndani. Mwili unaukuta unywele mahali usipostahili kuwa, unaupiga vita kama kitu kigeni, na sisi tunapata uvimbe, usaha na lile doa jeusi linalokaa miezi.

Sasa pigeni hesabu ya faida. Nywele za watu wenye asili ya Afrika hukua kwa wastani wa karibu robo ya milimita kwa siku. Tuseme ile raundi ya pili ya wembe, ile ya kutoka shingoni kwenda juu, inaondoa sehemu ya kumi ya milimita zaidi ya raundi ya kwanza. Aliyenyolewa saa kumi jioni atakuwa ameirudisha tofauti hiyo kabla jogoo hajawika. Yaani mteja anafika kazini Jumatatu kichwa kikiwa sawa na cha mwenzake aliyenyolewa mara moja tu. Alichobaki nacho peke yake ni vipele.

Kuna wanaosema vipele hivi ni uchafu, au ni damu chafu, na wengine huuziwa dawa za kusafisha damu kwa sababu hiyo. Wenye nywele kama zetu wanavipata popote walipo, hata anayeoga mara tatu kwa siku. Jeshi la Marekani kwa miaka mingi lililazimika kuwapa askari wake, wengi wao weusi, vibali vya kutonyoa ndevu kwa ajili ya vipele hivi hivi. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa ya huko iliamua kesi ya Langston Bradley, mpeleka piza wa Nebraska aliyefukuzwa kazi kwa kuwa na ndevu wakati ngozi yake haikuweza wembe. Majaji waliona amri ya kila mfanyakazi awe kidevu kitupu iliwaumiza zaidi wanaume weusi, na kwamba kampuni haikuonyesha sababu ya kutosha ya kuishikilia. Hizo zilikuwa ndevu. Kisogo chetu kina nywele za aina ile ile, ila hakina mahakama.

Na kisogo kinataka kutajwa peke yake. Pale kwenye ule mstari wa chini mnaopenda kuukata kama umepigwa rula, kuna wanaume ambao vipele vyao haviponi. Vinakuwa vigumu, vinaungana, vinageuka makovu yaliyovimba, na nywele za hapo zinapotea. Huanza baada ya balehe, na huwapata zaidi wanaume weusi. Chanzo chake si wembe peke yake, lakini kunyoa kwa kukwangua na kusuguliwa na kola au kofia huchochea. Ukikuta kisogo cha namna hiyo, weka wembe chini. Usikitumbue, usikisugue kwa skrabu, usikipake dawa ya kopo isiyo na jina iliyoko kwenye rafu yako. Mshauri mwenye kichwa aende hospitali mapema, kwa sababu vikiwa vidogo daktari ana dawa na sindano za kuvipunguza, na vikishakuwa vikubwa inabaki kukata. Wataalamu wapo. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na wahitimu wake wanafanya kazi katika nchi nyingi za Afrika. Mteja asiishie kwenye duka la dawa na tyubu ya krimu ya mchanganyiko yenye steroidi, ile inayotuliza kila kitu kwa wiki moja, kisha inaacha ngozi nyembamba na fangasi waliofichika wakiendelea kula.

Najua kumwelekeza kinyozi jinsi ya kunyoa ni utovu wa adabu. Nivumilieni kidogo.

Mteja wa kipara akikaa, muulizeni swali moja kabla hamjamfunga kitambaa: huwa unatoka vipele? Akisema ndiyo, kazi yote imalizwe na mashine isiyo na kitana. Mashine ikiachwa jinsi ilivyotoka kiwandani huacha kisiki ambacho mita moja kutoka kwenye kioo hakionekani kabisa. Shida ni kwamba wengi wenu mmezilegeza skrubu, mkayasogeza meno ya chini yakalingana na ya juu ili ing'ate zaidi. Mashine ya namna hiyo haina tofauti kubwa na wembe, tena wembe wa moto, kwa sababu ikipita vichwa vitatu mfululizo bila tone la mafuta chuma kinaunguza. Igusisheni kwanza kwenye mkono wenu wenyewe. Na betri ikianza kuishiwa chaji, ile sauti ikabadilika, simameni. Hapo mashine haikati, inang'oa. Najua umeme ukikatika foleni inasubiri. Isubiri.

Akisema ngozi yake haina ugomvi na wembe, apewe wembe, lakini kwa maji. Unywele mkavu ni mgumu. Ukilowa dakika tatu hadi tano unavimba, unalainika, unakatika kwa nguvu ndogo. Waliotuachia ile methali ya kutia maji mwenzako anaponyolewa walikuwa watu wa wembe. Leo katika saluni nyingi mwenzangu akinyolewa mimi natiwa poda. Poda inaonyesha mstari vizuri, ndiyo maana mnaipenda, lakini wembe juu ya poda ni wembe mkavu. Taulo safi, lililochovywa kwenye maji ya moto na kukamuliwa, likae kichwani wakati wewe unaandaa vifaa. Safi maana yake halijatoka kwenye kichwa cha mwenzangu. Halafu povu la krimu ya kunyolea au jeli, lipakwe mpaka liingie mizizini. Sabuni ya kipande inakausha ngozi na povu lake linapotea kabla hujafika sikioni.

Kabla ya povu, tafuteni njia ya nywele. Kichwani hazielekei upande mmoja. Utosini kuna mahali zinazunguka, mbele zinaangukia paji la uso, pembeni zinashuka kuelekea masikioni, na kisogoni kila mtu na mambo yake: wengine zinashuka, wengine zinapanda, wengine zinalala upande. Pitisheni vidole. Upande unaoteleza ndio wa wembe; upande unaokwaruza uacheni. Hii ni kazi ya nusu dakika, na kwa mteja wa kila wiki mtaifanya mara moja tu, baadaye mkono utakumbuka.

Wembe upite mfupi mfupi, bila kukandamizwa, usuuzwe kila baada ya mapito machache. Ngozi ya kichwa imeshakazwa juu ya fuvu, haihitaji kuvutwa. Penye mikunjo, shingoni na nyuma ya masikio, mwambieni mteja ainamishe kichwa, mkunjo utafunguka wenyewe. Pakibaki pamekwaruza, pakeni povu upya na mpite tena kwa upande ule ule wa nywele, au mpaache. Na kipimo chenu mkibadili. Mna tabia ya kupima kazi kwa kupandisha kiganja kutoka kisogoni kwenda utosini, kinyume kabisa cha nywele, ambako hata kichwa kilichonyolewa kwa ustadi kitaonekana bado. Pimeni kwa kushuka.

Ikishakwisha, maji ya baridi, taulo la kugusisha bila kusugua, na mafuta mepesi yasiyo na manukato. Kofia isubiri mpaka kesho ikiwezekana. Barakashia inayobana, juu ya ngozi iliyotoka kunyolewa, kwa joto hili la Dar na jasho lake, inaendeleza palepale wembe ulipoachia. Mwendesha bodaboda na abiria wake hawana hiari, helmeti ni lazima; basi wavae ndani yake kitambaa safi cha pamba, na mwenye helmeti ya abiria wote wa Mwenge aisafishe mara kwa mara, ingawa hiyo ni barua nyingine.

Nimefika kwenye spiriti. Mnaijaza kwenye chupa ya kupulizia, mnaziba macho ya mteja kwa kiganja, mnapuliza. Tunaruka kitini, anayesubiri zamu anacheka, nyinyi mnasema, "Pole mkubwa, ndiyo inaua vijidudu." Inaua, sikatai. Lakini ngozi iliyokwisha kuchubuliwa inaikausha na kuiunguza, na muwasho ambao ungepoa wenyewe unapata nguvu mpya. Kinachonishangaza ni kwamba chupa hiyo hiyo mashine haiionji. Mashine inapigwa brashi mara mbili, inapulizwa kwa mdomo, inahamia kichwa kinachofuata.

Geuzeni utaratibu. Spiriti iende kwenye chuma, maji yaje kwenye kichwa. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa siku saba nje ya mwili vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza, kwenye damu iliyokauka ambayo si lazima muione kwa macho. Ukimwi ulitufundisha adabu ya wembe. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata watu walikuwa wanakwenda kwa kinyozi na wembe wao mfukoni, bado umefungwa kwenye karatasi yake. Mashine za umeme zilipoenea, tahadhari ile ikalegea, kana kwamba mashine haikati. Inakata sana, hasa zile mlizozisogeza meno. Ondoeni kwanza nywele zilizonasa, kwa sababu dawa haipiti penye uchafu. Kisha yalowesheni meno kwa spiriti, yakae yamelowa dakika moja au mbili, yakauke, ndipo mtie mafuta. Wala msidhani kali kabisa ndiyo bora kabisa. Ile yenye maji ndani yake, ya asilimia 70 hivi, inafanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa iliyo kali mno hukauka upesi kabla haijamaliza. Mwenye uwezo awe na mashine mbili, moja ipumzike kwenye dawa wakati nyingine inafanya kazi.

Na kile kisanduku cheupe chenye taa ya bluu, mnachokifungua kwa mbwembwe mteja akiingia, kisiwadanganye wala kisitudanganye. Mwanga wa aina ile, kama taa yenyewe ni ya kweli, hufanya kazi pale tu unapofika. Nyuma ya jino la mashine, chini ya nywele zilizonasa, ndani ya kitana, haufiki. Ni mahali pazuri pa kutunzia vifaa vilivyokwisha kusafishwa, si pa kuvisafishia.

Wembe wenyewe. Huwa nawatazama mnavyouvunja. Mnaukunja ukiwa bado ndani ya karatasi yake, unalia "ta", unakatika katikati kwa urefu. Nusu inaingia kwenye kishikio, nusu inabaki kwenye karatasi na kuwekwa kwenye rafu ya kioo, karibu na poda. Nusu hiyo ya karatasini ni mpya, sina neno nayo. Neno langu ni juu ya nusu ninayoikuta kwenye kishikio nikiingia mlangoni. Ni ya nani? Naomba wembe uvunjwe nikiwa natazama, na uliotumika utumbukizwe kwenye kopo gumu lenye mfuniko, si kwenye kapu la taka ambako kijana wa usafi ataingiza mkono jioni. Nyinyi wenyewe ndio mnaojikata zaidi ya sisi wote. Chanjo ya homa ya ini B kwa mtu mzima ni dozi tatu, kwa kawaida ndani ya miezi sita. Kinyozi ni mtu wa kuipata kabla ya mteja.

Kuna wateja ambao maombi yangu ya kuachiwa kidogo hayawahusu, na si haki kuwachanganya na sisi. Aliyetoka umra au hija na ameweka nia ya kunyoa kichwa chote. Mfiwa ambaye kwao msiba haumalizwi bila wembe. Mtoto wa siku saba ambaye wazazi wake wanamfanyia akika, nywele zake zitapimwa na uzito wake kutolewa sadaka ya fedha. Hawa hawaji kila Jumamosi kufuata mng'ao. Wananyolewa mara moja, kwa nia, na ngozi itapata nafasi ya kupona. Kwao mnachodaiwa ni wembe mpya na mkono mtulivu. Saudia yenyewe inataka vinyozi wa mahujaji wawe na leseni na watumie nyembe za mara moja. Kwa mtoto ongezeni maji ya uvuguvugu, na mkumbuke utosi wake haujafunga. Anayemshika asiwe shangazi anayepiga simu.

Yupo pia mteja mwenye ualbino. Akiomba kipara mnamnyoa kama mwingine yeyote, mnampaka mafuta yanayong'aa, anatoka kwenye jua la saa sita. Nywele zilikuwa kinga yake, hata zikiwa fupi, na saratani ya ngozi kwa watu wenye ualbino hutokea sana kichwani na shingoni. Mwulizeni kama ana kofia pana na losheni ya kuzuia jua. Ipo inayotengenezwa hapa hapa nchini kwa ajili yao, Kilisun, iliyoanzia pale pale Moshi kwenye kituo nilichokitaja. Kichwa chake ni bora kiachiwe nywele za kutosha.

La watoto sitalirefusha. Januari shule zikifunguliwa mnawapanga kwenye benchi, wazazi wamesimama mlangoni na simu, na mashine moja inapita vichwa vyote mpaka jioni. Mapunye yanasafiri hivyo. Fangasi wake huingia ndani ya unywele wenyewe, ndiyo maana krimu ya kupaka peke yake haiponyi. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Ukiona kichwa chenye mabaka yaliyopukutika nywele, mtoe mtoto huyo kwenye foleni kwa upole, uzungumze na mzazi pembeni. Usimtangaze. Mashine iliyokwisha kumgusa isiendelee na mwenzake kabla ya kusafishwa.

Mtaniambia yote haya ni gharama, na kwamba dakika tano za taulo ni dakika tano za kichwa kingine. Ni kweli. Basi toeni bei. Ukutani mmeandika wakubwa, watoto, ndevu, skrabu, kupaka rangi. Ongezeni mstari mmoja: kipara kwa maji ya moto na wembe mpya, na mbele yake pesa mnayoona inawalipa. Wembe mmoja haufiki nauli ya daladala, kwa hiyo mnachotuuzia hapo ni muda na mkono wenu, na vitu hivyo vina thamani. Watakaokimbilia kwa jirani wa bei ndogo watakuwepo. Lakini mtu wa kipara hukaa kitini mara nyingi kuliko mtu wa panki, na asiyewashwa kichwa hana sababu ya kuhama saluni. Mnaofundisha vijana wafundisheni hivyo tangu mwanzo, kabla kidole gumba hakijazoea kuvuta.

Na huo mstari mpya, tafadhali, uandikwe juu ya ule wa skrabu. Dada wa skrabu akishaanza na uso, akashuka shingoni, akafika mabegani, hata aliyekuja kunyoa tu anaondoka ameacha nauli.

Wenu katika kipara,
Mteja wa Sinza